Koti la Mkuu wa Pasipoti

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza rasmi kazi ya kumtafutia binti yangu pasipoti. Ana miezi mitatu. Hana meno, nywele za kubahatisha, na kwa mujibu wa serikali mbili hana nchi. Alizaliwa huku ugenini, ninakopiga pasi kwenye duka la dobi. Nchi hii haiwapi uraia watoto wa wageni. Nchi yetu inawapa, ila kwanza ubalozi lazima uamini kwamba mtoto yupo.

Haraka inatoka kwa mama yangu. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari amempa nafasi ya upasuaji tarehe ishirini na saba mwezi huu, na akiikosa hiyo, hajui nyingine itapatikana lini. Mama amesema hapandi kitanda cha daktari yeyote kabla hajamwona mjukuu wake. Kisu kikiteleza je? Anataka amwone kwanza kwa macho haya haya mabovu, akiwa mapajani. Kwenye simu anaona ukungu unaolia.

Ndege yetu ni tarehe ishirini na nne. Muda upo tele.

Jioni akaja shemeji, kaka yake mke wangu, kutushauri bila kuombwa. Ni fundi lifti. Ingieni kwenye tovuti ya ubalozi, akasema, chukueni miadi, andaeni karatasi, nendeni siku mliyopangiwa. Wanawe wote alifanya hivyo. Mtu huyu anaongea kama lifti zake: taratibu, na anasimama kila ghorofa. Nikamshukuru. Moyoni nikasema miadi ni ya watu wasiojua mji.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ubalozini bila miadi. Nilivaa tai. Mlinzi akauliza nina shida gani. Nikamwambia ni dharura ya kitaifa, kuna raia hana uraia. Akanionyesha benchi lililojaa watu na kusema hao wote ni dharura ya kitaifa, na wana miadi.

Nikajaribu kupita na mtu aliyebeba maboksi, nikishika boksi moja kwa nyuma kama msaidizi. Kumbe alikuwa anatoka.

Nyumbani mke wangu akauliza imekuwaje. Nikasema mazungumzo yameanza vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Picha! Ubalozi unataka picha ya mtoto akiwa macho wazi, mdomo umefungwa, nyuma kweupe, na mkono wa mtu usionekane. Aliyetunga sharti hili hajawahi kukutana na mtoto. Binti yangu akifungua macho anafungua na mdomo. Akifunga mdomo amelala.

Shemeji akasema kuna mpiga picha karibu na stesheni, anawajua watoto. Mpiga picha wa nini, na simu ninayo? Nikaazima shuka jeupe kazini, nikamfunika mke wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni, nikamkalisha kwenye kiti, nikamweka mtoto juu yake. Mikono ya mama ikamshika kwa ndani ya shuka. Ubunifu wa hali ya juu! Mke wangu akalalamika kwamba anakosa hewa. Nikamwomba avumilie kwa ajili ya mama mkwe.

Shemeji akaingia na funguo zake wakati huo huo. Alichokiona ni kiti chenye shuka linalopumua, likimrusharusha mpwa wake. Akaangusha mfuko wa mayai mlangoni.

Mtoto alishangaa ule mlio. Macho wazi, mdomo umefungwa. Nikabonyeza! Ametoka kama jaji aliyestaafu, lakini ametoka. Mayai yakawa ya kukaanga, yote kwa pamoja.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeingia. Nilimwambia mlinzi nimeleta nguo za ofisini kutoka kwa dobi, na nikamwonyesha hanga. Kwa kweli lilikuwa shati langu.

Dirishani kuna karani ninayemwita Mama Miwani, kwa kuwa ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na anabadilisha kila anapotaka kukataa. Akaitazama picha kwa miwani ya machoni. Akaitazama kwa ya kichwani. Akasema hoteli gani hii? Nikainama kuangalia. Kwenye pindo la shuka, chini ya kidevu cha binti yangu, limeandikwa jina la hoteli kwa uzi wa bluu.

Basi, picha imekataliwa. Na cheti cha kuzaliwa nacho, akasema, lazima kigongwe muhuri na wizara ya mambo ya nje ya nchi hii. Nikatoka mbio mpaka wizarani. Wizarani wakasema hawagongi muhuri cheti cha mtoto wa kigeni bila namba ya pasipoti yake. Nikarudi mbio. Nikamweleza Mama Miwani kwamba wizara inataka pasipoti ndipo igonge muhuri, na nyie mnataka muhuri ndipo mtoe pasipoti.

Akasema ndiyo.

Nikangoja aendelee. Akauliza tu kama nina miadi.

Shemeji, niliposimulia, hakucheka. Akasema hilo ni jambo la kawaida, ubalozi hutoa barua ya utambulisho, unaipeleka wizarani, kazi imekwisha. Mtu mwenye miadi anapewa hapo hapo. Nikamwambia mambo ya ubalozi na mambo ya lifti ni vitu viwili tofauti. Mke wangu akaenda chumbani na kaka yake na ile kompyuta. Wakakaa huko muda mfupi. Sikuuliza. Nilikuwa nawaza.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Asubuhi dereva wa ubalozi ameleta koti dukani kwetu. Koti la sufu, kijivu, bitana ya hariri. Mwenye duka akaandika kwenye kibandiko: Mkuu wa Pasipoti, lichukuliwe leo jioni.

Mkuu wa Pasipoti mwenyewe! Bosi wa Mama Miwani! Koti lake mikononi mwangu!

Nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili aliache, hili nalipiga mwenyewe. Nililipiga kwa mvuke mdogo, kitambaa juu, kola kutoka nje kwenda ndani kama inavyotakiwa. Lilisimama peke yake. Wakati linapoa nikaandika ombi fupi, kwa heshima, nikaliingiza kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo, pamoja na ile picha ya mtoto. Nalinakili hapa, maana sijawahi kuandika kitu kizuri hivi:

"Mheshimiwa, huyu ndiye binti. Ana miezi mitatu sasa. Mama yake amechoka kungoja na bibi yake anaumwa. Wote wanakuomba jambo moja tu, umtambue rasmi kama inavyostahili. Hatupendi kelele. Tuyamalize kimya kimya."

Jina sikuweka. Mtu mkubwa hapendi kuona kama anasukumwa. Atauliza mwenyewe, na Mama Miwani atalazimika kunitafuta. Ningependa kuiona sura yake siku hiyo.

Dereva amelichukua koti jioni. Leo nalala kwa raha.

Jumatatu, 10 Machi

Kimya. Wakubwa hawana haraka.

Mke wangu amesema kesho ana miadi ubalozini, niombe ruhusa nikamshikie mtoto. Kumbe ile Alhamisi walikuwa wanachukua miadi! Na Ijumaa alimpeleka mtoto kwa yule mpiga picha wa stesheni, bila kunishirikisha. Nimemsamehe. Nikamwambia sawa, twende, lakini asishangae akikuta mambo yamekwisha kwisha. Akauliza yamekwishaje. Nikatabasamu tu. Hapendi ninavyotabasamu hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa nimekaa chini.

Tulifika. Mlinzi akaangalia orodha, akafungua mlango. Akaniuliza leo nguo za ofisini ziko wapi. Nikajifanya naongea na mtoto.

Mama Miwani akapokea karatasi za mke wangu. Picha mpya, sawa. Fomu, sawa. Akachapa ile barua ya utambulisho, akapiga muhuri, akasema tukitoka hapa twende wizarani, na pasipoti tuifuate Ijumaa hii. Yote hayo kabla mtoto hajamaliza kunyonya kidole. Nikamnong'oneza mke wangu kwamba ombi langu limefanya kazi. Akauliza ombi gani.

Hapo mlango ukafunguka kwa kishindo, akaingia mama mmoja wa makamo, kilemba kimekaa upande, anahema. Mlinzi nyuma yake anaomba radhi kwa kila mtu. Mama akapita benchi zima mpaka katikati ya ukumbi. Mkononi ana kipande cha karatasi, na picha. Niliitambua ile picha kabla hajaigeuza. Jaji aliyestaafu!

"Mwiteni!" akasema. "Mwiteni atoke hapa mbele ya watu, aniambie huyu mtoto ni wa nani!"

Mkuu wa Pasipoti akatoka ofisini kwake. Mtu mnene, mpole, macho mekundu ya mtu aliyelala kwenye kochi tangu Jumamosi. Alikuwa amevaa lile koti. Lilikuwa bado limekaa vizuri sana, hasa kola.

"Mke wangu, tuingie ndani," akasema.

"Siingii! Mama yake amechoka kungoja, imeandikwa hapa! Bibi yake mgonjwa! Wewe unasema humjui!"

"Simjui, nakuapia."

Nikaanza kumgeuza mtoto taratibu ili uso wake uelekee ukutani. Nilimvutia kofia mpaka puani. Binti yangu hapendi kufunikwa uso. Akapiga ukelele ule wake wa juu, na ukumbi mzima ukageuka.

Yule mama akamtazama mtoto. Akatazama picha. Akatazama mtoto. Nikaona damu inamwondoka usoni, kisha ikarudi yote kwa mkupuo.

"Ndiye huyu," akasema. Sauti imeshuka, na hiyo ilinitisha zaidi. "Mama yake yuko wapi?"

Mke wangu akasimama. Mke wangu hakimbiagi kitu. "Mimi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu yule mama kwa hasira, kwa kuwa shikamoo haiwezi kuachwa hewani. "Binti, nieleze. Mume wangu na wewe..."

"Mama, naomba nione hiyo karatasi."

Akaisoma. Akaisoma tena, polepole. Nikamwona anafumba macho kidogo, kama mtu aliyeumwa na jino. Akarudisha karatasi.

"Mama, huu ni mwandiko wa mume wangu. Anaomba pasipoti."

"Pasipoti?"

"Pasipoti ya mtoto. Kumtambua rasmi ni kumpa uraia. Bibi mgonjwa ni mama mkwe wangu, ana mtoto wa jicho, anataka kumwona mjukuu. Mume wangu anafanya kazi kwa dobi. Pole sana mama. Huwa hivi."

Yule mama akauliza huyo mume yuko wapi.

"Ni huyo anayejificha nyuma ya mtoto wa miezi mitatu," akasema mke wangu.

Alianza Mama Miwani. Alicheka mpaka miwani zote mbili zikaanguka. Kisha benchi, kisha mlinzi, na mwisho yule mama mwenyewe, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba, akamchukua binti yangu mikononi na kumwambia masikini, una baba kweli wewe. Akamgeukia mumewe na kumrekebisha kola, ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

Mkuu wa Pasipoti peke yake hakucheka. Akaniuliza kama najua kwamba kumtilia afisa wa serikali karatasi mfukoni ni kujaribu kumshawishi nje ya utaratibu. Nikasema sikujua. Akasema basi nitajua. Faili la mtoto limewekwa kando kwa uchunguzi.

Njiani mke wangu alimbeba mtoto mwenyewe. Wizarani waligonga muhuri bila swali hata moja.

Jumatano, 12 Machi

Mwenye duka amepigiwa simu na ubalozi. Ameniondoa kwenye makoti. Sasa napanga soksi jozi kwa jozi. Soksi hazina mifuko, amesema.

Ijumaa, 14 Machi

Hii ndiyo siku tuliyoahidiwa. Nilikwenda, Mama Miwani akasema faili bado limo ndani. Alinionea huruma, na hilo sikulipenda.

Mama amepiga simu. Ameshaambiwa na nesi alale hospitali kuanzia tarehe ishirini na sita. Amemwambia nesi sawa, maana mjukuu atakuwa ameshafika. Akauliza mtoto anapenda kushikwa vipi, wima au kulazwa, ajizoeze na mto. Nikamwambia wima, mama. Akasema basi ndivyo anavyoushika. Anaushika hivyo sasa hivi.

Nikampa mke wangu simu.

Jumatano, 19 Machi

Nimejaribu kumlainisha Mama Miwani kwa maua. Shada kubwa, lenye vumbi la manjano katikati. Kumbe vumbi la maua humpa mafua. Alipiga chafya, akapiga nyingine, akakusanya miwani yake, akafunga dirisha kwa siku nzima. Watu wote nyuma yangu walikuwa na miadi. Mlinzi alinitoa kwa mlango wa nyuma kwa usalama wangu.

Mke wangu amekwenda kwa kaka yake kushona begi lililochanika. Hivyo ndivyo alivyosema. Begi halijachanika, nimelikagua.

Ijumaa, 21 Machi

Imetoka! Ndogo, mpya, inanukia gundi. Mke wangu ameifuata mwenyewe. Mimi nilikatazwa kusogea barabara ile. Mama Miwani alimwambia uchunguzi ulichukua siku zake, haukuonekana ubaya, ila upumbavu.

Jioni nikamweleza shemeji kwamba, tukiangalia mambo kwa utulivu, ombi langu ndilo lililomfikisha mtoto mbele ya Mkuu mwenyewe. Watu wangapi humjua Mkuu uso kwa uso? Shemeji akasema bila ombi hilo pasipoti ingetoka Ijumaa iliyopita. Mke wangu akasema bila ombi hilo asingekonda hivi. Wivu huu! Nikawaacha, nikafunga mabegi.

Jumanne, 25 Machi

Tumefika kwa mama. Alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi, amevaa nguo mpya, mto pajani. Nilimpokonya mto nikamwekea mtoto, wima.

Mama alimsogeza mpaka pua zikagusana. Akamwangalia hivyo, jicho la kulia, kisha la kushoto. Mtoto akamshika mdomo kwa vidole vyote. Mama akasema, kwa sauti ya chini, haya, nimekuona. Akasema tena. Mke wangu akaingia ndani kutafuta maji ambayo hakuyanywa.

Kisha mama akasema yuko tayari kwa daktari, hata sasa hivi.

Jumamosi, 29 Machi

Bandeji ya jicho la kwanza imetolewa. Mama anaona! Kitu cha kwanza kukiona vizuri ni upara wangu. Akasema hakuambiwa. Cha pili ni vumbi juu ya kabati. Cha tatu ni mjukuu, na huyo alimtazama mpaka akasinzia mikononi mwake.

Daktari anasema jicho la pili wiki mbili zijazo. Tumeongezewa likizo. Mwenye duka amesema soksi zinaweza kungoja.

Jumatatu, 31 Machi

Mama anataka kuja kukaa nasi huko ugenini, macho yote yakipona. Hana pasipoti. Mke wangu amekwisha kumchukulia miadi ofisi ya hapa mjini, Jumanne ya wiki ijayo, karatasi zote ziko kwenye bahasha. Shemeji amepiga simu kutoka kule kueleza dirisha lipi.

Wiki nzima ya kungoja! Watu hawa hawana njozi.

Nimezunguka kidogo mjini leo, nikapeleleza. Mkurugenzi wa ofisi hiyo ana timu ya mpira ya wafanyakazi, anaipenda kuliko kazi, na kipa wao amevunjika kidole. Nikaenda nikamweleza kwamba mimi nimedaka miaka mingi huko nje, timu kubwa. Akanikumbatia! Mechi ni Jumamosi, fainali, dhidi ya watu wa mahakama. Mama hahitaji miadi yoyote.

Sijawahi kudaka. Lakini mpira ni kitu cha duara, unakuja wenyewe.